TV ya Kutazamwa kwa Pembeni

Wifi yangu, mke wa kaka yangu, ni msusi, na hajui kununua kitu haraka. Yeye lazima apime, abonyeze, aulize, aondoke, arudi, kisha amwambie mwenye duka kwamba bado anafikiria. Siku aliyonunua feni ya saluni aliomba iwashwe, akavuta kiti na kukaa mbele yake muda mrefu kama anayesubiri ijitetee. Mimi niliyemsindikiza nilijifanya simjui. Kwa hiyo TV ya saluni ilipokata roho, nilijua kazi ninayo.

Saluni yenyewe ni chumba cha mbele cha nyumba yao. Upande mmoja kuna viti vitatu mbele ya vioo vitatu, upande wa pili benchi la wanaosubiri, kwenye kona sinki la kuoshea nywele, na karibu nalo draya moja yenye kofia iliyopasuka. Mlango wa barabarani ni wa kioo, na mchana jua huingia hapo bila hodi. Kusema viti vimepangwa ni heshima tu. Wifi akisuka huvuta kiti kule anakoona vizuri, mteja akitaka kuchonga na mwenzake husogea naye, na ikifika jioni chumba kizima kimehama.

Kando ya mlango wa kuingilia ndani kuna kiti cha Mama. Huyu ni mama yetu, mimi na kaka, mama mkwe wa wifi. Baba alipofariki Mama alibaki peke yake nyumbani kwake, na hakutaka kusikia habari za kuhama. Kisha majirani wakapiga simu kwamba ameunguza sufuria mpaka ikatoboka. Wakapiga tena kwamba ameanguka barazani. Kaka hakungoja simu nyingine. Alikwenda akamleta, Mama akinung'unika njia nzima.

Tulidhani atanuna, lakini saluni ilimkubali na yeye akaikubali. Mteja akiburuta kandambili mlangoni, Mama alishamtaja kabla hajasalimia. Alijua nani kaachika, nani karudiwa, nani anasuka kwa ajili ya harusi ambayo bwana harusi mwenyewe hajaambiwa. Mchana kulikuwa na tamthilia, zile zilizotiwa sauti za Kiswahili, na Mama aliwatukana wahusika wabaya kwa matusi ya zamani mpaka wateja waliokwisha kusukwa wakawa hawaondoki. Kasoro ilikuwa shingo. TV ilikaa ukuta wa nyuma, Mama akakaa uso ameuelekeza mlango wa barabarani, TV ikiwa ubavuni mwake. Tukimwambia tukigeuze kiti, alikataa.

"Shingo imekaza hii. Niacheni, mimi na shingo yangu tumeshaelewana."

Wifi alimletea dawa ya kuchua. Mama akaipaka magotini, akasema imemsaidia sana.

TV yenyewe ilikuwa ile ya kichogo, nzito kama mfuko wa saruji, urithi wa tangu kaka yuko kapera. Siku moja katikati ya tamthilia picha ilinywea ikawa doa, doa likazimika, na harufu ya waya ulioungua ikashinda harufu zote za saluni, jambo ambalo si dogo. Fundi alikuja, akafungua mgongo, akatikisa kichwa kama daktari, akafunga.

Haikupita muda Mama akabadilika. Alikaa kimya. Hakuinuka kwenye kiti mpaka aitwe. Siku moja tukiwa mezani, nami nimekuja kuwatembelea, akaweka kijiko chini na kusema, "Mwisho wa mwezi nitarudi kwangu."

Kaka alisahau kutafuna. "Kwako wapi, Mama? Kule peke yako?"

"Kwangu kuna mlango na paa. Nimechoka kukaa kwa watu."

"Sisi ni watu?" kaka akauliza.

"Kwani ninyi ni mbuzi?"

Huo ndio ulikuwa mwisho wa mjadala. Baadaye wifi alinikuta jikoni nikiosha vyombo, machozi yamemjaa. "Wifi, nimemkosea nini? Watu watasema nimeshindwa kukaa na mama wa watu." Kisha akajifuta kwa kiwiko na kusema lile lililokuwa moyoni hasa. "Na mimi nimeshamzoea. Akienda kule ataanguka tena, na safari hii huenda asiwepo wa kupiga simu."

Nilimwambia ukweli ninaoujua, kwamba Mama akishasema hasemi mara ya pili. Wifi hakunisikia. Alikuwa ameshaanza kupima. Mama alikuwa mzima mpaka TV ilipokufa. TV ilipokufa Mama akafa ganzi. Kwa hiyo dawa ya Mama ni TV. Tena si TV yoyote. Iwe ya kuonekana vizuri na mtu mwenye shingo mbovu, aliyekaa pembeni, katika chumba chenye jua kama lile. Na ifike kabla ya mwisho wa mwezi.

Tulikwenda watatu. Kaka ni fundi wa kuchomelea, siku nzima anatazama cheche, na ndoto yake ilikuwa kutazama mpira kwenye kitu cha maana. Wifi alibeba uzi mrefu wa kusukia uliofungwa mafundo. Fundo la kwanza lilikuwa umbali wa kutoka ukuta wa TV kwenda mbele, la pili umbali wa kwenda kando mpaka kilipo kiti cha Mama.

Dukani TV zilitundikwa ukuta mzima, zote zimezimwa sauti, na spika moja kubwa ikipiga muziki kwa ajili ya wote. Muuzaji alikuwa kijana nadhifu aliyejimwagia manukato, nikambatiza Bwana Marashi papo hapo.

"Karibuni sana. Mnataka inchi ngapi?"

"Sikuja kwa inchi," wifi akamjibu. "Nimekuja kwa shingo."

Bwana Marashi alimtazama kaka, kaka akatazama dari. Lakini kijana alikuwa muungwana, akaanza darasa. Alituonyesha LED ya kawaida. Nyuma ya kioo kuna taa, akasema, na kioo chenyewe kimejaa nukta zinazofanya kazi kama vidirisha, kufungua na kufunga. Ikitakiwa nyeusi, kidirisha kinafungwa. Tatizo ni kwamba taa ya nyuma inaendelea kuwaka, basi mwanga kidogo hupenya, na weusi unakuwa wa kubahatisha.

"Na hii QLED?" kaka akauliza.

"Hiyo nayo ina taa nyuma, ila imeongezewa utando wa chembechembe ndogo sana. Ndizo zinazokoleza rangi."

"Kwa hiyo ni ile ile," akasema wifi, "ila imetoka saluni."

Bwana Marashi alicheka kwa dhati, na tangu hapo akawa upande wetu. Akatupeleka kwenye OLED, iliyotundikwa peke yake kama mgeni rasmi. Hii haina taa ya nyuma kabisa. Kila nukta inajiwasha yenyewe na kujizima yenyewe, basi ikitakiwa nyeusi inakuwa giza kweli. Akaweka picha ya anga ya usiku. Kaka alisogea polepole kama mtu aliyeingia mahali patakatifu.

"Mke wangu," akasema kwa sauti ya chini, "hii."

"Subiri."

Wifi akakunjua uzi. Akampa Bwana Marashi ncha moja aishike ukutani, akahesabu mafundo, akaomba kistuli, akanikalisha pale kilipopaswa kuwa kiti cha Mama. "Uso kule," akasema. Kule kulikuwa na majokofu. Nikayatazama majokofu. "Sasa usigeuze shingo. Geuza jicho tu. Unaona nini?"

Wateja wengine walianza kusimama. Nilikuwa mama mzima, mwenye watoto wanaosoma, nimekaa kwenye kistuli nikikodolea majokofu huku jicho likinitoka kwa kando. Lakini niseme haki yake wifi, tofauti niliiona. LED ya kwanza, ambayo ukiitazama kwa mbele weusi wake ni mzuri, kwa pembeni watu wote walipauka kama wamemwagiwa unga. LED ya pili, jirani yake, haikubadilika hata kidogo.

"Vioo vyenyewe vinatofautiana," Bwana Marashi akaeleza, bado ameshika uzi. "Hicho cha kwanza kina giza zuri, ila anayetaka kukifaidi akae mbele. Hiki cha pili unakiona vizuri kutoka upande wowote, lakini usiku wake si usiku. Ni jioni jioni."

"Na OLED kwa pembeni?"

"OLED kwa pembeni haina mpinzani."

Kaka akapiga ngumi hewani. Wifi akaomba OLED nyingine, iliyokuwa kwenye meza, igeuzwe kuelekea mlango wa duka. Bwana Marashi alisita, akaigeuza. Picha ilikuwa nzuri sana, na juu yake tuliona barabara nzima, gari lililoegeshwa, mpita njia akipangusa kiatu, na sisi wanne tumejipanga tukiwa midomo wazi.

"Kazini nina vioo vitatu," wifi akasema. "Cha nne cha nini?"

"Kwenye chumba chenye kivuli isingekuwa hivi," Bwana Marashi akakiri. Akamuuliza kama TV itawaka siku nzima kwenye stesheni moja. Wifi akasema ndiyo, tamthilia haziangaliwi kwa kuchungulia. Kijana akasema basi ni vizuri ajue kwamba nembo ya stesheni ikiganda pale pale kila siku kwa muda mrefu, OLED inaweza kubaki na alama yake. Nilimsikia kaka akivuta pumzi kama aliyefungwa bao.

Bado tulikuwa hatujamaliza. TV zote zilionyesha kasuku, matunda yanayokatwa na asali inayomiminika, na wifi alisema hajui mtu anayeishi na kasuku. "Niwekee watu. Wenye nywele." Bwana Marashi akatafuta kwenye simu yake, akarusha picha ya harusi ya ndugu yake. Wifi akasogea mpaka pua ikagusa kioo. Kwenye TV moja nywele za bibi arusi zilikuwa bonge jeusi tu. Kwenye ile LED ya pili, kwa weusi wake wa jioni jioni, alihesabu mistari ya msuko mpaka kisogoni, na akagundua mmoja umekwenda upande.

"Nani alimsuka huyu?"

"Mke wangu," akasema Bwana Marashi.

"Mwambie ajitahidi tu, ataweza," akasema wifi. "Tunachukua hii."

Kaka alibeba boksi mpaka nyumbani. Alipofika alichukua drili na kutoboa ukuta kwa hasira zilizosaidia kazi, kwani matundu yalinyooka kuliko kawaida yake. Ilikuwa mchana, jua limejaa chumbani. Mteja mmoja, mwalimu wa chekechea, alikuwa kwenye kiti cha kati, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama wima. Wengine wawili walikuwa kwenye benchi, nao walikataa kuondoka mpaka waone. Mama alikuwa mahali pake, uso mlangoni, mikono mapajani, na alikuwa ametabasamu tangu aliposikia drili. Niliona tabasamu lile, nikajisemea kwamba wifi ameshinda.

Kaka akaunganisha king'amuzi. Hakikushika. Akampigia simu mtu wa king'amuzi, na ili amsikie vizuri akapunguza sauti ya TV mpaka chini kabisa. Bonyeza hapa, rudi pale, subiri. Ghafla picha ikajaa ukutani. Ilikuwa tamthilia yenyewe, tena ilikuwa yule bibi mkorofi ambaye Mama alimchukia kuliko wote, amevaa gauni jekundu, analia machozi ya uongo. Mwanga wa mlangoni haukumfanya kitu. Mwalimu wa chekechea alisahau nywele zake, akasimama. Kaka mwenyewe, na simu sikioni, alisema, "Loo."

Sote tukamgeukia Mama. Mama akangoja kidogo, akakohoa kwa adabu.

"Haya basi," akasema. "Iwasheni."

Wale wa kwenye benchi walicheka sana. Mama alikuwa mtu wa mzaha, na mzaha ule ulikuwa mzuri. Mimi pia nilicheka. Wifi peke yake hakucheka. Aliweka kitana chini, akaenda akachutama mbele ya Mama, akamtazama usoni kwa karibu kama alivyotazama kioo dukani.

"Mama," akauliza taratibu, "yule bibi mkorofi leo kavaa rangi gani?"

"Yupi?"

"Huyo, kwenye TV."

Mkono wa Mama ulianza kupapasa ukingo wa kiti. Kaka akakata simu. Vicheko vya benchi vikafa kimoja kimoja.

"Sasa mnanitazama," akasema Mama. "Najua mnanitazama. Acheni."

Mimi ni bintiye, nimekuja pale kila wiki, nimemmiminia chai, nimemsimulia mambo yangu yote, naye akiniitikia na kuniuliza maswali. Nilipiga magoti kando ya wifi.

"Tangu lini, Mama?"

"Hili jicho liliondoka kabla ya baba yenu. Hili la pili lilingoja kidogo, kwa heshima." Alijaribu kutabasamu. "Naona weupe wa mlango. Ndiyo maana nakaa hivi. Mtu akipita, weupe unakatika."

"Na shingo?" wifi akauliza.

"Shingo yangu nzima. Nilikuwa natega sikio."

Nisamehewe, lakini hapo nilicheka tena, huku nalia. Nilimfikiria Bwana Marashi na ncha yake ya uzi. Tulikuwa tumezunguka duka zima na kupima mafundo kwa ajili ya sikio.

"Mbona hukusema?" kaka akauliza. "Na kule unataka kurudi kufanya nini, Mama, huoni?"

Mama alinyooka kwenye kiti. "Kule najua kila kitu kilipo. Nimeishi mle tangu ninyi hamjazaliwa. Kabati ni hapa, mtungi ni hapa, kitanda ni pale. Nikiunguza sufuria ni sufuria yangu. Hapa kwenu viti vinatembea! Nikienda chooni asubuhi kiti kipo huku, nikirudi kipo njiani. Nimegonga magoti mpaka nimechoka kudanganya. Ile TV ilikuwa ikisema, najua ukuta wa nyuma ni ule, basi mlango ni huku na sinki ni kule. Iliponyamaza, nilipotea. Nimekaa ndani ya nyumba ya mwanangu nimepotea. Afadhali nikapotee kwangu."

Nilidhani wifi atamkumbatia, lakini yeye si mtu wa kukumbatia kabla ya kupima. Aliinuka, akachukua rimoti, akaongeza sauti. Kilichotoka kilikuwa mnong'ono, maana TV nyembamba zile spika zake ziko mgongoni na zinausemesha ukuta. Akaongeza mpaka mwisho. Bibi mkorofi akalia saluni nzima.

"Unamsikia?"

"Namsikia. Mnafiki mkubwa."

Kaka akasema kuna spika gereji, anakofanyia kazi, ataileta jioni hiyo hiyo, na kesho yake mapema atakwenda kuomba siku hospitali ya macho, kwa sababu yawezekana ni mtoto wa jicho tu, na mtoto wa jicho hutolewa. Mama akasema tutaona. Lakini wifi alikuwa ameshaanza jambo lake. Alikokota kiti cha kwanza mpaka kikakaa sawa mbele ya kioo chake, kisha cha tatu. Cha kati kilikuwa na mwalimu, akamsukuma pamoja nacho. Akabana benchi ukutani. Akamshika Mama mkono, akamwinua.

"Hiki kiti cha kwanza, Mama. Shika. Hiki cha pili, kina mwalimu, hicho ni kichwa chake, samahani mwalimu. Cha tatu. Hapa sinki. Hapa draya, inama kidogo. Hapa mlango."

Walizunguka chumba kizima, kisha wakazunguka tena. Walipopita ukuta wa nyuma Mama alinyoosha kiganja akaigusa TV, na bibi wa gauni jekundu akamlilia kati ya vidole. "Ndiyo yenyewe hii? Mbona nyembamba hivi?" Kisha akamwachia wifi mkono na kusema anataka kwenda peke yake. Sote tulikunja miguu. Alikwenda polepole, akigusa mgongo wa kila kiti na kukitaja kwa sauti, akakosea kwenye sinki, akarudi, akapata, akafika kwenye kiti chake na kukaa kwa kishindo.

Wifi aliwageukia wateja na kitana mkononi. "Kuanzia leo, atakayesogeza kiti humu ndani simsuki. Hata awe bibi arusi."

Mwisho wa mwezi ulifika. Siku ya hospitali ilikuwa imepangwa, lakini ilikuwa bado. Jirani mmoja aliyekuwa amesikia habari za safari alisimama mlangoni, akakata weupe, akamuuliza Mama kama mizigo iko tayari. Mama alikuwa anatoka chooni, mkono juu ya kiti cha pili.

"Niende wapi," akasema, "na hapa nimeshapajua?"